Treni mbili za matofali kwenye reli moja: namna ya kuzifanya zijiendeshe bila kugongana

Treni moja ya LEGO ikizunguka peke yake haihitaji kompyuta. Unawasha mota, unaiacha, inazunguka mpaka betri ziishe. Kompyuta inaanza kuwa na kazi pale unapoweka treni ya pili kwenye reli hiyohiyo, moja ya abiria na nyingine ya mizigo, na unataka zipishane, zisubiriane, zisimame stesheni na kuondoka bila mkono wako kugusa chochote. Hapo ndipo mchezo huu unapokuwa reli kwelikweli, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Njia ninayoieleza hapa ni hii: kila treni inabeba programu yake yenyewe, kisanduku kimoja kinakaa pembeni kama stesheni masta, na hakuna treni inayotembea bila ruhusa. Kimya kikitokea, treni inasimama. Ukishika hilo, mengine yote ni maelezo ya utekelezaji.

Kwa nini usitumie saa

Anayeanza hufikiri hivi: treni ya kwanza iondoke, programu isubiri sekunde nane, kisha ya pili iondoke. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini mota ya treni haina kihisi cha mzunguko, kwa hiyo haijui imetembea kiasi gani. Betri zikipungua nguvu, kasi inashuka. Behewa likiongezwa, kasi inashuka tena. Sekunde nane za asubuhi si sekunde nane za jioni, na mwishowe treni ya nyuma inaifikia ya mbele.

Reli kubwa zilipitia hayohayo. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh huko Ireland, treni ya matembezi ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaikata vipande viwili ili kichwa kiweze kupanda na mabehewa machache. Mabehewa ya nyuma yakateremka yenyewe na kuigonga treni iliyokuwa inafuata, treni iliyoruhusiwa kuondoka kwa sababu tu dakika zilizopangwa zilikuwa zimepita. Watu takriban 80 walikufa, na mwaka huohuo sheria ikaamuru reli za abiria za Uingereza na Ireland ziache kutenganisha treni kwa muda na kuzitenganisha kwa mahali: njia inagawanywa vitalu, na kitalu kimoja hubeba treni moja tu. Kanuni hiyo inafanya kazi mezani vilevile, nami sijaona iliyo bora zaidi.

Vifaa

Ninazungumzia treni za mfumo wa Powered Up, zilizoanza kuuzwa mwaka 2018. Ndani ya kichwa cha treni kuna kisanduku cha betri sita za AAA chenye Bluetooth na matundu mawili. Tundu moja linachukua mota ya treni, na la pili utalitumia kwa kihisi cha rangi na umbali, kilekile kilichotumika kwenye seti za roboti za LEGO ziitwazo BOOST. Kwa treni mbili unahitaji visanduku viwili, mota mbili na vihisi viwili, pamoja na kisanduku cha tatu kitakachokuwa stesheni masta. Hicho cha tatu hakihitaji mota wala kihisi.

Kama treni zako ni za zamani za volti 9, zile za kuanzia 1991 hadi 2007 zenye reli za chuma, umeme wao unapita kwenye reli, na kuzidhibiti kwa vitalu kunataka kukata reli vipande na kulisha kila kipande peke yake. Ni kazi nzuri, lakini si hii.

Kwa upande wa programu natumia Pybricks. Inaondoa programu ya ndani ya kisanduku na kuweka nyingine inayoelewa Python, lugha ya kuandikia programu. Kuandika kwa Python ni bure, unaandikia kwenye kivinjari, na ukichoka unaweza kuirudisha ile ya awali kwa kutumia programu ya LEGO yenyewe. Kivinjari kiwe Chrome au Edge, kwa sababu kinapaswa kuongea na Bluetooth moja kwa moja. Kabla ya kusakinisha, chomoa mota na kihisi, weka betri zenye nguvu, kisha fuata maelekezo ya kwenye skrini.

Zipo pia programu za kompyuta zinazoshika treni zote kutoka sehemu moja, zikiwa na ramani ya njia kwenye skrini. LEGO ilitangaza hadharani lugha ambayo visanduku vyake hutumia hewani, ndiyo maana watengenezaji wengi waliweza kuziandika. Ni nzuri kwa maonyesho makubwa. Mimi napendelea akili ikae ndani ya treni: kompyuta ikilala au ikizimika, treni bado inajua kusimama.

Chora kwanza

Usianze na msimbo. Anza na urefu. BlueBrick ni programu ya bure ya kuchorea njia, lakini hata karatasi inatosha ukijua namba hizi: kinundu kimoja cha tofali ni milimita 8 kutoka kati hadi kati. Reli iliyonyooka ina urefu wa vinundu 16, yaani milimita 128. Reli za kona za kawaida zinahitajika 16 kufunga duara, na duara hilo lina nusu kipenyo cha vinundu 40, yaani milimita 320 hadi katikati ya njia.

Chukua mfano wa duara refu: kona 8 kila upande na reli 12 zilizonyooka kwa kila mstari. Kona zote kwa pamoja ni kama mita 2, mistari miwili ni mita 3.07, jumla mita 5 na kidogo. Meza inayobeba hilo iwe na urefu usiopungua mita 2.24 na upana wa sentimita 70, ukiongeza nafasi ya pembeni ili treni ikiacha njia isianguke sakafuni.

Sasa gawa vitalu. Kanuni ya kwanza: idadi ya vitalu izidi idadi ya treni angalau kwa kimoja, la sivyo zote zitasubiriana milele. Kanuni ya pili: kila kitalu kiwe kirefu kuliko treni yako ndefu zaidi pamoja na umbali wa kusimama. Treni ya mita moja inaingia vizuri kwenye vitalu vitatu vya njia hii, kila kimoja kikiwa kati ya mita 1.4 na 1.9. Si lazima vilingane. Cha lazima ni alama zote zikae kwenye reli zilizonyooka, kwa sababu kwenye kona kihisi kinayumba pembeni na kinaweza kupita bila kuiona alama.

Alama

Alama ni kibamba laini cha rangi kilichobandikwa juu ya mataruma, katikati ya reli mbili. Kila kitalu kina alama moja, nayo inakaa mwishoni mwa kitalu. Kitalu cha kwanza nyekundu, cha pili kijani, cha tatu bluu. Nimezichagua hizo kwa sababu ziko mbalimbali kwenye mzunguko wa rangi, na kihisi hakizichanganyi. Wako wanaotumia rangi saba au nane kwa maagizo tofauti: hii ya kupiga honi, ile ya kupunguza mwendo. Nakushauri usiende huko mapema. Kila rangi unayoongeza inapunguza umbali kati ya rangi zilizopo.

Ukubwa wa alama una hesabu yake. Treni inayokwenda nusu mita kwa sekunde inapita juu ya kibamba cha milimita 16 kwa sekunde 0.03 hivi. Ukisoma kihisi kila baada ya sekunde 0.01, unapata masomo matatu tu, na la kwanza na la mwisho yanaangukia ukingoni, ambako nusu ni taruma na nusu ni rangi. Kihisi hapo kinaweza kukutajia rangi ambayo haipo kabisa. Kibamba cha vinundu vinne kwa urefu, milimita 32, kinakupa masomo sita. Upana uwe vinundu viwili au zaidi.

Kihisi kielekee chini, kikiwa juu ya alama kwa umbali wa kinundu kimoja hadi viwili. Mara nyingi hakienei ndani ya kichwa cha treni chembamba. Mimi ninakiweka kwenye behewa la kwanza, na waya unapita kwenye kiungo ukiwa na ulegevu wa kutosha kukata kona. Ukifanya hivyo, kumbuka kwamba pua ya treni iko mbele ya kihisi: alama inatakiwa kurudi nyuma ya mpaka wa kitalu kwa urefu huo, pamoja na umbali wa breki.

Kisha pima rangi zako mwenyewe. Usichukue namba za mtu, hata hizi zangu hapa chini. Weka treni juu ya alama, endesha programu ndogo inayochapisha `kihisi.hsv()`, andika namba tatu zinazotoka. Fanya hivyo kwa kila alama na kwa taruma tupu. Rudia jioni taa zikiwa zimewashwa. Namba ya kwanza, ile ya aina ya rangi, hubadilika kidogo tu. Ya mwisho, ya mwangaza, ndiyo inayocheza.

Programu ya treni

```
from pybricks.hubs import CityHub
from pybricks.pupdevices import DCMotor, ColorDistanceSensor
from pybricks.parameters import Port, Color
from pybricks.tools import wait

TRENI = 1        # treni ya pili iandikwe 2
VITALU = 3
MWENDO = 4500    # milivolti

NYEKUNDU = Color(h=352, s=90, v=40)
KIJANI = Color(h=145, s=70, v=25)
BLUU = Color(h=220, s=90, v=35)
TARUMA = Color(h=210, s=25, v=10)
ALAMA = [NYEKUNDU, KIJANI, BLUU]

hub = CityHub(broadcast_channel=TRENI, observe_channels=[9])
mota = DCMotor(Port.A)
kihisi = ColorDistanceSensor(Port.B)
kihisi.detectable_colors([NYEKUNDU, KIJANI, BLUU, TARUMA])

def mbele(k):
    return k % VITALU + 1

mahali = TRENI   # treni 1 inaanzia kitalu 1, treni 2 kitalu 2
nguvu = 0
mara = 0
iliyopita = TARUMA
betri = hub.battery.voltage()
hub.ble.broadcast(mahali)

while True:
    rangi = kihisi.color()
    mara = mara + 1 if rangi == iliyopita else 1
    iliyopita = rangi

    if mara == 3 and rangi in ALAMA:
        namba = ALAMA.index(rangi) + 1
        if namba == mbele(mahali):
            mahali = namba
            hub.ble.broadcast(mahali)
        elif namba != mahali:
            mota.brake()
            hub.light.on(Color.RED)
            while True:
                wait(1000)

    ujumbe = hub.ble.observe(9)
    if ujumbe is not None and ujumbe[TRENI - 1] == mbele(mahali):
        nguvu = min(MWENDO, nguvu + 60)
        betri = (betri * 9 + hub.battery.voltage()) // 10
        mota.dc(min(100, nguvu * 100 // betri))
    else:
        nguvu = 0
        mota.brake()

    wait(10)
```

Kuna mambo matatu humo yanayostahili kuelezwa taratibu.

La kwanza ni masomo matatu. Rangi haikubaliwi mpaka isomwe mara tatu mfululizo. Hilo peke yake linafuta karibu uongo wote wa ukingoni. Linalobaki linashughulikiwa na mfuatano: baada ya nyekundu ni kijani, baada ya kijani ni bluu, baada ya bluu ni nyekundu. Treni ikiona rangi ambayo haikupaswa kuja, haijaribu kubahatisha iko wapi. Inasimama, inawasha taa nyekundu, inangoja binadamu. Treni isiyojua iko wapi haina haki ya kutembea.

La pili ni umeme. Namba unayoiandika kwenye `dc`, agizo linaloendesha mota, ni asilimia ya nguvu iliyopo kwenye betri wakati huo. Betri sita mpya za kawaida zinatoa volti 9 hivi. Za kuchaji, zikiwa na volti 1.2 kila moja, zinatoa 7.2. Asilimia 50 kwenye treni ya kwanza ni volti 4.5, na kwenye ya pili ni 3.6, kwa hiyo treni mbili zenye programu ileile zitakwenda mwendo tofauti. Ndiyo maana naandika mwendo kwa milivolti na kuiacha programu itafute asilimia yenyewe. Usomaji wa betri unarukaruka mota ikivuta, basi nauchanganya tisa kwa moja ili utulie. Matokeo yake unayaona kwa macho: treni inakwenda mwendo uleule kutoka mwanzo wa betri hadi karibu na mwisho.

La tatu ni kuondoka. Nguvu inapanda milivolti 60 kwa kila mzunguko wa programu, kwa hiyo treni inachukua kama robo tatu ya sekunde kufikia mwendo wake. Treni ndefu ikishtuliwa, sumaku za viungo zinaachana na mabehewa yanabaki nyuma kwenye kitalu ambacho stesheni masta ataamini ni kitupu. Hiyo ni hatari ambayo programu hii haiioni, kwa sababu hakuna kihisi kwenye behewa la mwisho. Ondoka taratibu, na usiweke behewa zito nyuma ya mabehewa mepesi.

Stesheni masta

```
from pybricks.hubs import CityHub
from pybricks.tools import wait

VITALU = 3
masta = CityHub(broadcast_channel=9, observe_channels=[1, 2])

mwenye = [0, 1, 2, 0]    # nafasi ya kwanza haitumiki
ruhusa = [0, 0, 0]

while True:
    for treni in (1, 2):
        mahali = masta.ble.observe(treni)
        if mahali is None:
            ruhusa[treni] = 0
            continue
        nyuma = (mahali - 2) % VITALU + 1
        mbele = mahali % VITALU + 1
        if mwenye[nyuma] == treni:
            mwenye[nyuma] = 0
        if mwenye[mbele] == 0:
            mwenye[mbele] = treni
        ruhusa[treni] = mbele if mwenye[mbele] == treni else 0
    masta.ble.broadcast((ruhusa[1], ruhusa[2]))
    wait(50)
```

Orodha ya `mwenye` ndiyo daftari la stesheni masta. Kila kitalu kina mwenyewe: 1, 2, au 0 kikiwa kitupu. Treni iliyofika mwisho wa kitalu chake inaomba kinachofuata kwa kutangaza tu ilipo. Kikiwa kitupu, kinaandikwa jina lake na ruhusa inatoka.

Angalia kitalu cha nyuma kinaachiwa lini. Hakiachiwi treni inapokitoka kwa pua, kwa maana mkia bado umo. Kinaachiwa treni inaposoma alama ya mwisho wa kitalu kinachofuata, na kwa kuwa kila kitalu ni kirefu kuliko treni, wakati huo mkia umeshatoka wote. Kwa hiyo treni iliyo mwendoni inashika vitalu viwili. Ndiyo sababu kwenye vitalu vitatu na treni mbili, treni moja tu inatembea kwa wakati mmoja huku nyingine ikingoja. Inapendeza kuitazama, inafanana na njia halisi yenye reli moja. Ukitaka zote mbili zitembee pamoja, ongeza kitalu cha nne na alama ya njano. Duara letu la mita 5 likigawanywa mara nne linatoa mita 1.27 kwa kitalu, na treni ya mita moja bado inaenea kwa shida. Mimi ningeongeza reli nne kila upande kabla ya kufanya hivyo.

Sasa kuhusu kimya. `observe` ikikosa kusikia kitu kwa sekunde moja inarudisha `None`. Ikitokea kwa treni, inasimama. Ikitokea kwa stesheni masta, haitoi ruhusa mpya kwa treni isiyosikika, lakini vitalu vyake havifutwi daftarini. Treni iliyozimika betri katikati ya njia inabaki na vitalu vyake, na mwenzake anasimama nyuma yake mpaka uiondoe. Jaribu hilo kwa makusudi kabla ya kufurahia chochote: zima stesheni masta treni zikiwa mwendoni. Zote zisimame ndani ya muda mfupi. Kisha zima treni moja, utazame nyingine inavyofika kwenye alama na kutulia. Mfumo ambao hujauzima makusudi hujaujua.

Kuwasha

Ingiza programu kwenye kila kisanduku kupitia kivinjari, kisha zima kisanduku kwa kushikilia kitufe chake, usikizime kwa kuchomoa betri, ili programu ihifadhiwe ndani. Kata uhusiano na kompyuta na uwashe kila kimoja kwa kitufe. Visanduku vikiongea vyenyewe kwa vyenyewe, kompyuta haina haja ya kuwepo hewani.

Weka treni ya kwanza kihisi chake kikiwa juu ya nyekundu, ya pili juu ya kijani. Programu zinaamini hivyo, na zikidanganywa mwanzoni zitagundua kwenye alama inayofuata. Washa treni zote mbili kwanza, kisha stesheni masta. Treni ya pili inapaswa kuondoka yenyewe kuelekea bluu. Ikifika, ya kwanza inaondoka.

Utaona treni ikisita kidogo kwenye kila alama hata njia ikiwa wazi. Inasubiri jibu la stesheni masta, na jibu linachukua sehemu ya sekunde. Kama kusita huko kunakukera, iruhusu iendelee kwa robo sekunde baada ya kusoma alama kabla ya kushika breki. Kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde hiyo ni sentimita 12 na nusu, kwa hiyo sogeza kila alama nyuma kwa umbali huo, reli moja nzima hivi. Mpwa wangu anapenda kusita kulekule. Anasema treni inaomba njia. Kwenye njia zetu nimeacha kusita huko kuendelee.

Njia panda

Ukishatulia na vitalu, utataka stesheni yenye reli mbili, na hapo inaingia njia panda inayogeuzwa na mota. Tumia mota yenye kihisi cha mzunguko, kwa mfano ile ya nje ya BOOST, na agizo la `run_until_stalled`: mota inasukuma ulimi wa reli mpaka ukwame upande mmoja, kisha inaacha. Weka kikomo cha nguvu kwenye agizo hilo, asilimia 40 au 50, ili usivunje kishikio. Njia hii ni bora kuliko kuhesabu nyuzi za mzunguko, kwa sababu ulimi uliofika hauna ubishi.

Mota hiyo inaweza kuchomekwa kwenye kisanduku cha stesheni masta, maana matundu yake mawili yako wazi. Kisha utaratibu uwe huu, usiubadilishe: andika kitalu kwa jina la treni, geuza ulimi, subiri mota ikwame, ndipo utoe ruhusa. Ukitoa ruhusa kabla ya ulimi kufika, treni itaukuta katikati na kuacha njia. Na ulimi usiguswe kamwe wakati kitalu chake kina treni juu yake. Kwenye msimbo hilo ni sharti moja tu la `if` mbele ya agizo la mota. Liandike hata kama unaona haliwezi kutokea.

Kama una njia panda za zamani zinazoendeshwa na mota za Power Functions, mfumo wa LEGO uliotangulia Powered Up, usizitupe. Kihisi cha rangi na umbali kinaweza pia kutuma miale ya maagizo yao, na Pybricks ina darasa liitwalo `PFMotor` kwa ajili hiyo. Chomeka kihisi kimoja kwenye stesheni masta, kielekeze kwenye kipokezi cha mota hizo, chagua namba ya chaneli. Miale hiyo inakwenda upande mmoja tu, kipokezi hakijibu, basi baada ya kutuma agizo lirudie mara ya pili na usubiri sekunde nzima kabla ya kutoa ruhusa.